Ukubwa na Umbo la Vijichembe Vinavyojiunda Vyenyewe

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Katibu aliniandikia nizungumze juu ya sayansi na maendeleo. Mada hiyo ni pana mno. Mtu anaweza kuizunguka saa nzima asiguse ukuta. Kwa idhini yenu nitazungumzia jambo dogo, dogo kwa maana halisi, ambalo hunifikia mezani kila yanapoletwa makaratasi ya zabuni za dawa.

Vijana mnajua kwamba molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Molekuli hizo zikiwa nyingi majini hujikusanya, mikia ndani na vichwa nje, zikafanya vijitufe vyenye upana wa nanomita tano hivi. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa kwa milioni. Hakuna fundi anayezipanga. Ni maji yenyewe yanayoisukuma mikia ikimbiliane. Sasa ondoeni sabuni, wekeni mahali pake mnyororo wa polima wenye vipande viwili vilivyoungwa, kimoja kinapenda maji na kingine kinayachukia. Mambo huwa yale yale, ila kwa kipimo kikubwa zaidi: vijitufe vya nanomita 20 hadi 100, na katika kiini chake dawa isiyoyeyuka majini hupata mahali pa kukaa. Korea ya Kusini iliruhusu mwaka 2007 dawa iitwayo Genexol-PM, ambayo ni paklitakseli ya kutibu saratani iliyobebwa namna hiyo. Paklitakseli ya kawaida huyeyushwa kwa msaada wa mafuta ya mbarika yaliyobadilishwa kikemia, na mafuta hayo huwaletea wagonjwa wengine mzio mkali.

Mtaniuliza, ukubwa una kazi gani? Vitu vilivyo chini ya nanomita sita hivi figo huvichuja na kuvitupa nje upesi. Vilivyozidi 200 hunaswa kwa wingi na wengu na ini. Kwa hiyo dawa ile ile, kwa uzito ule ule, yaweza kufika kwenye uvimbe au kuishia njiani, kutegemea upana wa kifurushi chake. Na umbo nalo lina neno lake. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba vijichembe vyembamba virefu, mfano wa nyuzi, viliendelea kuzunguka katika damu ya panya hadi juma zima, muda mrefu kuliko vijitufe vya polima za namna ile ile.

Umbo hutoka wapi? Chukueni zile karatasi za karanga zilizosokotwa mfano wa pia. Zipangeni ncha zote zielekee ndani: mtapata tufe. Zikateni ncha kidogo, zitakubali kupangwa kuwa fimbo ndefu. Zikiwa hazina ncha kabisa, upana sawa juu na chini kama matofali, zitafanya ukuta, na ukuta huo ukijipinda na kujifunga huwa mfuko wenye maji ndani. Israelachvili, Mitchell na Ninham waliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1976. Kwa polima, mwenye kukata karatasi ni mkemia. Kipande kinachopenda maji kikiwa nusu ya mnyororo au zaidi, kwa kawaida hutokea tufe. Kikipungua hadi karibu theluthi moja hutokea mfuko. Katikati yake ndipo penye fimbo, na pana nafasi nyembamba sana. Ukirefusha kipande kinachochukia maji, kiini nacho hupanuka.

Lakini urefu wa vipande si habari yote, na hapa ndipo ninapopapenda. Molekuli za sabuni huingia na kutoka katika kijitufe chao kila mara, kwa hiyo makosa hujirekebisha. Minyororo ya polima ni mirefu na mizito. Ikishaingia mara nyingi haitoki. Polistirini, kwa mfano, ni ngumu kama kioo mpaka karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Basi umbo linalobaki ni kumbukumbu ya njia iliyopitwa. Zhang na Eisenberg, wa Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, walionyesha mwaka 1995 kwamba polistirini iliyoungwa na asidi ya poliakriliki hutoa matufe, fimbo na mifuko kwa kubadilisha urefu wa vipande; mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba chumvi au asidi kidogo tu yatosha kugeuza umbo la polima ile ile. Hata kasi ya kukoroga huhesabiwa. Kule Princeton, Johnson na Prud'homme walieleza mwaka 2003 jinsi ya kugonganisha mikondo miwili, ya maji na ya kiyeyushi, ichanganyike kwa sehemu ndogo ya sekunde: vijichembe hutoka vidogo na vinavyolingana. Ukikoroga taratibu, hukua ovyo.

Kuna mfano mmoja utakaowafurahisha wapishi. Kundi la Armes wa Chuo Kikuu cha Sheffield hukuza kipande cha pili papo hapo majini, na kadiri kinavyorefuka matufe huwa nyuzi, nyuzi huwa mifuko. Nyuzi zao nyingine hushikana zikafanya ute mzito katika joto la chumbani. Uweke ute huo kwenye jokofu: badala ya kuganda kama samli, unakuwa majimaji, kwa sababu nyuzi zimekatika kuwa matufe. Katika hali hiyo huchujwa bakteria, kisha ukipata joto hurudi kuwa mzito.

Narudi kwenye makaratasi yangu. Mnunuzi aliyezoea vidonge huuliza mambo mawili: dawa ni kiasi gani, na bei ni kiasi gani. Kwa dawa za aina hii maswali hayo hayatoshi. Doxil, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1995, ni doksorubisini iliyofungwa katika vifuko vya mafuta, ndugu wa karibu wa mifuko ya polima. Mamlaka ya dawa ya huko humtaka mwenye kutengeneza nakala yake athibitishe pia kwamba vifuko vinalingana na vya asili kwa ukubwa na kwa mtawanyiko wa ukubwa huo. Nasi tudai hivyo hivyo, hata kama zabuni itachelewa kidogo. Tena tusiridhike na wastani mmoja ulioandikwa kwenye cheti. Kipimo cha kawaida hutumia mwanga unaotawanywa, na kijichembe kidogo cha namna hii kikizidi kingine mara kumi kwa upana hutawanya mwanga mara milioni. Vikubwa vichache vyaweza kuvifunika vidogo vingi, au wastani ukaonekana mzuri na mchanganyiko mbaya. Dai mchoro mzima wa mtawanyiko, na wa kila toleo.

Kazi ya kuusoma mchoro huo itawahitaji ninyi mlioketi nyuma, nami sioni mtaanzia wapi ikiwa maabara ya kemia haina maji yaliyokenekwa. Chumvi ya bombani, kama mlivyosikia, yatosha kuharibu jaribio. Katika ajenda ya mchana kuna hoja ya kutumia akiba ya chama kupaka rangi ukumbi huu. Mimi nitasimama kupendekeza mtambo wa kukenekea maji na mizani ya kupima miligramu kwanza, na naomba mwenye kuniunga mkono asiondoke baada ya chakula.