Shule Ipi Iliyo Bora kwa Mtoto Wetu?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi wa Nyamirambo



Waheshimiwa masheikh, wazee wetu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mlioketi nyuma kabisa kana kwamba jambo hili haliwahusu:

Nimetakiwa na wenye chama niseme machache juu ya shule. Si jambo geni kwenu. Tangu siku yatangazwapo matokeo ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, hapana baraza wala kibanda cha chai, toka Biryogo hata Mumena, ambapo shule hazisemwi. Huyu ajisifu kwamba mwanawe amepata nafasi ya bweni. Yule anyamaza, kwa kuwa wa kwake amepangiwa shule ya kutwa iliyo nyuma ya nyumba yao. Na mtoto, ambaye hakuulizwa neno, asikia yote. Nimeona mtoto wa miaka kumi na mitatu akijificha asiulizwe na jamaa zake amepelekwa wapi, kama kwamba ameiba. Kwa ajili ya mtoto huyo nimekubali kusimama hapa.

Kabla ya kupima shule za leo, yafaa tukumbuke kuwa wazee wetu hawakuwa na cha kupima. Dini yetu ilishika mizizi katika mji huu pamoja na wafanya biashara, wapagazi na askari wa kutoka pwani na Tanganyika, waliofuatana na Wajerumani. Kandt aliweka makao yake Kigali mwaka 1907, na msikiti wetu wa Al-Fatah ukajengwa mwaka 1913. Walipokuja Wabelgiji, elimu karibu yote iliachwa mikononi mwa misheni. Mtoto aliyetaka kusoma alitakiwa ajifunze katekisimu, na aghalabu abatizwe. Wazee wetu wakakataa. Walihifadhi dini yao, lakini bei yake ilikuwa kubwa: Groupe Scolaire ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929, ikatoa makarani na wakuu wa nchi, na sisi tukatoa madereva, mafundi cherehani na wachuuzi. Siidharau kazi hata moja kati ya hizo, kwani ndizo zilizotulea. Nasema tu kwamba hatukuzichagua kwa hiari yetu yote.

Hata baada ya uhuru wa mwaka 1962, na baada ya Waislamu wa nchi hii kuunda jumuiya yao mwaka 1964, nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na katika miaka iliyofuata zikagawanywa kwa hesabu ya makabila na mikoa, hata mtoto hodari akaweza kubaki nyumbani huku asiye hodari akipita. Hesabu hiyo ilikoma baada ya msiba wa mwaka 1994. Tangu hapo mtihani mmoja wa taifa ndio unaoamua, na karatasi ya mtihani haiulizi baba yako ni nani. Mwaka 2009 serikali ikaanza mpango wa elimu ya msingi ya miaka tisa, na mwaka 2012 ikauendeleza hata miaka kumi na miwili. Shule za kutwa zikajengwa karibu na makazi ya watu nchi nzima. Basi kizazi chetu ndicho cha kwanza katika Nyamirambo kukaa na kuuliza: shule hii, au ile? Ni neema kubwa, na yataka akili.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe.

Wazazi wengi hupima shule kwa kipimo kimoja, yaani ni wangapi waliofaulu na kwa alama gani. Kipimo hiki kina kasoro, nami nitaieleza kwa mfano wa mtaa wetu. Wako mafundi cherehani wawili. Mmoja huchagua kitambaa: hupokea kitenge cha nguvu na hariri, na kile kilichochakaa hukirudisha mlangoni. Wa pili amewekewa sharti apokee kila kitambaa kiletwacho, kizuri na kibovu, na kile kilichokwisha chanika. Mwisho wa mwezi tukiweka nguo zao pamoja tutasema wa kwanza ni fundi bingwa. Je, tumeupima ufundi, au tumepima kitambaa?

Ndivyo zilivyo shule zetu. Mtoto anapomaliza darasa la sita, nafasi za bweni hutolewa kwa kufuata alama na chaguo lake. Wenye alama za juu huchukuliwa kwanza, na waliosalia hupangiwa shule za kutwa za karibu na kwao. Kwa hiyo shule kubwa zenye sifa, kama vile Lycée de Kigali ya serikali, au Lycée Notre-Dame de Cîteaux ya wasichana, au Collège Saint André ambayo twapita mbele ya lango lake kila siku, hupokea watoto waliokwisha chujwa. Sisemi kwamba hazifundishi. Zafundisha, na sifa zao zina msingi. Nasema kwamba alama zao za mwisho hazituambii zimeongeza nini. Na shule ya kutwa ambayo ilipokea mtoto asiyeweza kuandika sentensi tatu za Kiingereza, ikamfikisha mahali pa kufaulu mtihani wa kidato cha tatu, huenda imefanya kazi kubwa zaidi, ijapokuwa hakuna apigaye ngoma kwa ajili yake.

Basi tuulize nini? Yuko mama mmoja wa mtaa huu, muuza chapati, ambaye yeye mwenyewe hakuvuka darasa la nne, naye ndiye aliyenifundisha njia iliyo bora kuliko zote nizijuazo. Alikuwa na mashaka juu ya shule mbili. Hakuuliza alama. Aliwaendea majirani wenye watoto katika shule hizo, akaomba madaftari ya hesabu, la huku na la kule, ya darasa moja. Hakuweza kuisoma hesabu, lakini aliweza kuhesabu kurasa, na kalamu nyekundu ya mwalimu aliiona. Daftari moja lilikuwa na kazi karibu kila siku, na imesahihishwa, na mahali pa kosa mtoto amerudia. La pili, muhula ulikuwa umefika katikati na kurasa zilizoandikwa hazikuzidi tisa, na nyekundu haikuonekana. Akafunga madaftari, akatoa shukrani, akaenda kumwandikisha mwanawe. Nawaambieni, hata mkaguzi angefanya hivyo hivyo.

Liko jambo la pili la kuuliza, nalo ni mwalimu. Jengo lenye rangi mpya halifundishi. Ulizeni, je, somo la hesabu na la fizikia lina mwalimu aliyelisomea, au amepewa yeyote aliyekuwa na nafasi? Je, walimu wakaa miaka, au kila muhula ni sura nyingine? Na darasa lina watoto wangapi? Mtoto wa sitini hawezi kuulizwa swali kila siku, hata mwalimu awe malaika.

Kisha kuna lugha, ambayo naona twaipuuza. Mwaka 2008 serikali iliamua kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza, na tangu mwisho wa mwaka 2019 iliamriwa Kiingereza kianze tangu darasa la kwanza. Mtoto wetu nyumbani asema Kinyarwanda na Kiswahili, na shuleni aulizwa kwa Kiingereza mambo ya mbegu na ya sumaku. Wengi waitwao wazito wa akili si wazito, hawakulifahamu swali. Shule iliyo na maktaba iliyo wazi, na mwalimu anayewaacha watoto waseme hata wakikosea, hiyo ina thamani kuliko yenye lango la chuma. Nanyi msidharau Kiswahili chenu. Tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya nchi hii pia. Mtoto wa Biryogo amezaliwa nacho, lakini kukisema barabarani si kukiandika, nami nimeona barua za vijana wetu ambazo Mtanzania angezisoma kwa huruma.

Juu ya gharama sitakaa sana. Kwa mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2022, wizara iliweka mchango wa mzazi katika shule za serikali na zile zisaidiwazo na serikali: sekondari ya kutwa faranga 19,500 kwa muhula, na bweni faranga 85,000, na nyongeza yoyote isizidi faranga 7,000, tena baada ya kukubaliwa na mkutano mkuu wa wazazi. Hesabu hiyo ilitokana na malalamiko ya wazazi kwamba kila shule ilijipangia yake. Angalieni lakini: bweni lina sanduku, godoro, sabuni na nauli pia. Nimewajua wazazi waliouza cherehani ili mtoto aende bweni, na muhula wa pili akarudishwa kwa kukosa mchango. Cherehani imekwenda, na shule imekwenda.

Wengine wetu waliona heri ya kuvuka mpaka, wakapeleka watoto Uganda, ambako Kiingereza ni cha zamani na shule za Kiislamu ni nyingi. Jambo hilo lilikuwa na faida yake. Lakini Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa, haukufunguliwa hata Januari 2022, na wazazi waliokuwa na watoto ng'ambo ndio wajuao usiku walivyolala. Tangu hapo mimi nasema, shule iliyo bora ni ile ambayo mzazi aweza kuifikia siku mtoto akiugua.

Hapa najua mtu ataniuliza juu ya dini. Haki yake. Shule nyingi zisaidiwazo na serikali ni mali ya makanisa, na shule hazifanani katika mambo ya mtandio wa msichana, ya swala ya Ijumaa na ya futari ya Ramadhani. Basi uliza kabla ya kuandika chaguo la mtoto, kwa adabu, na kwa mkuu wa shule mwenyewe. Usingoje ugomvi wa siku ya kwanza mlangoni. Tunazo shule zetu pia, na hapa Nyamirambo tunayo sekondari ya sayansi ya ESSI, iliyo katika Kituo cha Utamaduni wa Kiislamu. Twaipenda. Walakini naomba nisieleweke vibaya nikisema kwamba nayo ipimwe kwa daftari lile lile la muuza chapati. Jina la dini juu ya lango ni amana, nayo haipaswi kuwa pazia. Kumpeleka mtoto kwa sababu ya jina, kisha tusiulize tena hata cheti kitoke, ni kumdhulumu mtoto na kuidhulumu shule yenyewe.

Tena liko swali la chuo cha Qur'ani. Tangu mwaka 2023 masomo huanza saa mbili na nusu asubuhi na kumalizika saa kumi na moja jioni. Zamani mtoto alisoma zamu moja, na nusu ya siku ikabaki kwa mwalimu wa chuo. Kwa mtoto wa sekondari nusu hiyo haipo. Aliye shule ya kutwa aweza kusoma chuo alfajiri na siku za mapumziko. Aliye bweni hawezi, isipokuwa likizo. Basi mzazi aliyelia kwa kupangiwa shule ya karibu, na afikiri tena amepewa nini: mtoto alalaye kwake, alaye mezani kwake, amwonaye kila jioni.

Na jioni hiyo ndiyo taabu yetu. Mtoto wa bweni ana saa za kusoma usiku, zina kengele na msimamizi. Mtoto wetu wa kutwa ana nini? Chumba kimoja chenye ndugu watano, redio ya jirani, na Nyamirambo yenyewe, ambayo mwajua haijui kulala. Mimi naamini kuwa tofauti kubwa ya alama kati ya bweni na kutwa, ukiondoa ile ya mchujo, yatoka katika saa hizo mbili za usiku kuliko katika ubao wa mwalimu.

Wala tusisahau shule za ufundi, ambazo mtoto aweza kuingia baada ya kidato cha tatu na kusoma miaka mitatu. Yashangaza kwamba mtaa uliojengwa na mafundi wa magari na wa nguo ndio wenye kuona haya mtoto akipelekwa ufundi. Gari la leo lina mitambo ambayo fundi wa kusikia na kuona hawezi kuifungua, ataifungua aliyesoma.

Mwisho nina maombi mawili. Shule za kutwa za mtaa huu zina mikutano mikuu ya wazazi, na huko ndiko nyongeza hukubaliwa na mkuu wa shule huulizwa mbele ya watu. Nilihudhuria wa muhula uliopita. Viti vilikuwa vingi, wazazi wachache, na akina baba niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mkutano ujao twende, na kila mmoja achukue daftari la mwanawe mkononi.

La pili ni juu ya ukumbi huu tulioketi. Tangu swala ya magharibi hata saa tatu usiku huwa umefungwa. Nawaomba wenye chama waufungue siku nne za juma kwa watoto wa sekondari, wa dini yoyote, wavulana upande huu na wasichana upande ule. Taa zipo. Meza tano za kuanzia zaweza kutengenezwa na mafundi wetu. Kinachohitajika ni watu wanne wa kusimamia, wajuao hesabu au Kiingereza, mmoja kwa kila siku. Mimi nachukua Jumatatu. Karatasi ya majina iko kwa katibu, pale mlangoni, na nafasi zilizobaki ni tatu.

Wassalaam alaikum.