Magari Mawili, Paa Moja

Nchini Australia, takriban nyumba moja kati ya tatu ina paneli za sola. Familia nyingi zinazoachana na petroli huko huanza safari hiyo zikiwa na umeme tayari juu ya paa.

Hesabu yake inatia moyo. Mtambo wa kilowati 6.6, wa kawaida kabisa huko, ukifungwa Sydney huzalisha wastani wa uniti 25 hivi kwa siku. Gari dogo la umeme hula uniti kama 16 kwa kilomita 100. Magari mawili, kila moja likitembea kilomita 40 kwa siku, yanahitaji uniti 13 tu. Zinazobaki ni za friji, taa na mashine ya kufulia.

Kazi iko kwenye saa. Jua huwaka mchana, na mchana gari moja liko kazini! Basi familia hujipanga: gari linaloshinda nyumbani huchajiwa adhuhuri, la pili husubiri jua la wikendi, na likipungukiwa huchajiwa usiku. Soketi ya kawaida ya ukutani, kwa saa sita za jua, huliongezea gari karibu kilomita 80.

Kuuza umeme wa ziada kwenye gridi hakulipi kama zamani. Jimbo la Victoria liliweka kima cha chini cha senti 3.3 za huko kwa uniti katika mwaka 2024/25, ilhali uniti ya kununua usiku huwa ghali mara kadhaa. Ni afadhali ziada hiyo iingie kwenye betri ya gari, baada ya fundi mwenye leseni kukagua nyaya za nyumba.