Mwanachuo Ataondoka, Kijana Atabaki

(Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata, kuhusu wanafunzi wa ustawi wa jamii wanaofanya mafunzo kwa vitendo katika asasi ya malezi ya vijana)



Nimetumwa na wenzangu wa Ustawi wa Jamii kujibu swali ambalo limekuwa likiulizwa vijiweni na sokoni: ni akina nani hawa wenye madaftari wanaofuatana na watu wa asasi kuingia majumbani mwetu, na wanataka nini kwa watoto wetu?

Ni wanafunzi wa ustawi wa jamii. Chuo kinachofahamika zaidi kwa fani hiyo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na siku hizi vipo vyuo vingine vya serikali na vya binafsi. Mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya masomo yenyewe, wala si matembezi ya likizo. Mwanachuo huja na barua ya utambulisho, hupewa msimamizi mahali pa kazi, huandika kila siku alichokifanya, na mwalimu wake wa chuo humfuatilia. Kwa hiyo akibisha hodi mtu asiye na barua wala mwenyeji mnayemjua, mna haki kamili ya kumrudisha kwa Mtendaji.

Asasi yenyewe kazi yake mnaijua. Humkutanisha kijana na mtu mzima mmoja aliyejitolea: seremala, mwalimu mstaafu, mama lishe, yeyote mwenye subira na mwenendo mwema. Wawili hao huonana kila wiki, huzungumza, hufanya kazi ndogo pamoja. Jambo hili si geni kwetu. Jamii za pwani zilikuwa na somo na kungwi tangu enzi na enzi, na mtoto alijua kuna mtu mzima, mbali na mzazi wake, ambaye angeweza kumuuliza lolote.

Mwanachuo anajifunza nini hapo? Anajifunza kwamba utoro hauna sababu moja. Darasani ameusoma kama mada. Huku anamkuta mvulana wa miaka 15 anayekosa shule siku za gulio kwa sababu bibi yake mgonjwa hana mwingine wa kumbebea mzigo. Hapo kiboko hakisaidii kitu. Kinachohitajika ni kuketi na bibi, kumsikiliza kijana bila kumkatiza, kuzungumza na mwalimu wa darasa, na kutafuta jirani wa kushika zamu ya gulio. Mwanachuo hufanya hayo chini ya msimamizi, huyaandika kwenye jalada, na kila wiki hulipitia jalada hilo pamoja naye. Asasi zetu nyingi zina watumishi wachache, na macho ya ziada ni neema.

Lakini neema hiyo ina hatari yake, na hapa ndipo nilipotaka tukae kidogo.

Mwanachuo huyu ni kijana mchangamfu, ana muda, anacheza mpira, anacheka. Katika majuma machache mtoto aliyekuwa hafungui kinywa humzoea kuliko mtu mwingine yeyote. Kisha siku moja mkoba unafungwa, basi linaondoka. Kwa mtoto aliyewahi kuachwa na baba, au aliyemzika mama, hilo ni pigo la pili. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichapisha uchunguzi wao juu ya vijana waliounganishwa na walezi wa kujitolea na shirika la Big Brothers Big Sisters. Waliodumu na mlezi mwaka mzima au zaidi ndio walionufaika zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika mapema, ndani ya miezi michache ya mwanzo, walirudi nyuma kwa namna walivyojithamini. Yaani ulezi uliokatika mapema unaweza kumwacha mtoto pabaya kuliko ulipomkuta.

Ndiyo maana Halmashauri na asasi zimekubaliana kwamba mwanachuo asifanywe mlezi wa kijana. Mlezi awe mwenyeji wa kata hii, na mwanachuo awe msaidizi wake. Kijana aambiwe tangu siku ya kwanza tarehe ya mgeni kuondoka. Kuagana kuwe na kikao chake, mlezi akiwapo, na jalada likabidhiwe kwa msimamizi. Namba za simu za binafsi, zawadi za fedha na ahadi za "nitakuja kukuchukua" zimekatazwa. Najua wengine mtaona ni ukali. Mimi naona ahadi isiyotimizwa ndiyo ukali.

Kuhusu siri: anayosema kijana hayatoki nje ya asasi, isipokuwa yanapohusu madhara. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa serikali ya mtaa wake. Mwanachuo naye hana ruhusa ya kunyamaza. Humweleza msimamizi siku hiyo hiyo, na taarifa hufika kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Nanyi mnaweza kupiga 116 bila malipo.

Jarida hili, kwa taarifa yenu, halitachapisha picha za vijana hao. Kazi yangu ni picha na habari, na kila mara naombwa sura za watoto zenye tabasamu. Kwa jambo hili jibu langu litabaki kuwa hapana.

Kinachopungua sasa ni walezi, hasa wanaume. Wapo wavulana wanaosubiri. Aliye tayari kutoa saa chache kila wiki kwa mwaka mzima aandikishe jina lake kwa Mtendaji wa Kata, aje na majina ya majirani wawili wanaomfahamu vizuri, na awe radhi kuulizwa maswali kabla ya kukutanishwa na mtoto wa mwenzake.