Tusichokila Tusikiue

Msikilizaji, mlipuko wa baruti baharini ni wa sekunde chache. Chupa inatupwa, maji yanaruka, samaki wanapasuka vibofu vya hewa. Wachache huelea wakaokotwa; wengi huzama na kuoza. Mwamba uliowalea hugeuka kifusi kinachobingirishwa na mawimbi, matumbawe machanga yakakosa pa kushika. Kupona kwake huchukua miongo.

Pwani yetu ya Mtwara imeumizwa hivyo kwa miaka mingi. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza baruti. Tangu 2000 tunayo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650 hivi. Lakini boti ya doria haiwezi kuwa kila mahali. Panapokosekana doria hubaki dhamiri, nayo inatuuliza: nani alitupa ruhusa ya kuua tusichokila?

Mvuvi wa mshipi anachukua, mwamba unabaki. Mama wa kijiji cha Msimbati anayechokoa pweza maji yakitoka anachukua, mwamba unabaki. Mpiga baruti anamaliza riziki ya leo na ya mtoto ambaye hajazaliwa. Anaua pia viumbe wasiouzwa sokoni, ambao Mwenyezi Mungu aliwaweka pale kabla yetu. Nao wana haki ya kuishi.

Hata hivyo, wajibu huu si wa mvuvi peke yake. Ndani ya hifadhi hiyohiyo mna visima vya gesi. Gesi hiyo iligunduliwa 1982, na tangu 2015 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Mvuvi anaambiwa aiheshimu bahari huku akiona utajiri wa chini yake ukienda mbali. Hilo halihalalishi baruti hata kidogo. Linazidai serikali na kampuni zinazonufaika na ghuba hii zihakikishe doria za kudumu, zana za kuvulia maji makuu, na kauli ya kweli ya wanavijiji katika maamuzi ya hifadhi.

Na sisi walaji tunadaiwa. Samaki wa baruti anatambulika: nyama imelegea, mifupa imevunjika, damu imevilia ndani. Ukimkuta mnadani, usimnunue hata akiwa wa bei ya chini, na toa taarifa kwa viongozi wa kijiji au maofisa uvuvi. Anayemnunua huku akijua alivyovuliwa ameshiriki kuuvunja mwamba.