KAZI YA MSIMAMIZI WA SANAA, NA NJIA YA KUJUANA KAZINI

(Hotuba ya mwanachama mwenzetu, mfanya kazi wa reli, mbele ya mkutano wa wanachama na vijana wachoraji, Nyeri)



Katibu aliponiomba niseme juu ya kazi hii nilikataa mara mbili. Mimi ni mtu wa reli. Masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na huko tulifundishwa kuandika vizuri, kuimba na kulima. Lakini Katibu akanijibu, "Hatutaki mwalimu wa chuo. Twataka mtu aliyekwisha kuifanya kazi na aliyekwisha kudhulumiwa." Basi kwa mambo hayo mawili ninayo elimu ya kutosha.

Nianze na kibao cha stesheni. Ninyi nyote mmekiona: jina la stesheni, na chini yake kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Mzee mmoja wa karakana ndiye aliyenifundisha kupaka vibao. Aliniambia, "Usiamini rula peke yake, liamini jicho." Herufi H na I ukiziweka karibu huonekana zimebanana, lakini A na V ukiziachia nafasi ile ile huonekana kama kuna shimo katikati. Nikajifunza, na siku zangu za mapumziko nikaanza kuandika majina ya maduka, ya hoteli na ya vinyozi. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya rangi.

Sasa, msimamizi wa sanaa ni nani? Wengi wenu mwafikiri ni mchoraji mkubwa kuliko wengine. Sivyo. Katika gazeti, ndiye anayeamua picha ya jalada, aina ya herufi, na kila picha ikae wapi. Katika kampuni ya matangazo hufanya kazi pamoja na mwandishi: mmoja analeta maneno, wa pili analeta picha, na mara nyingine hubadilishana. Katika sinema, yeye na mkuu wake ndio wanaoshughulika na kila kitu kionekanacho nyuma ya mchezaji: nyumba, kiti, taa, pazia, na hata kikombe kilicho mezani.

Nilijifunza haya kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ilikuja katika mji mmoja wa upande huu wa mlima kutengeneza tangazo la sinema. Sitaitaja jina. Walitaka duka la zamani, na walihitaji fundi wa kuandika ukuta wa duka hilo. Nikachukua likizo yangu, nikaenda.

Msimamizi wa sanaa alikuwa binti, nadhani hakuzidi miaka thelathini. Kabla ya kugusa brashi alikuwa amesoma maandishi yote ya mchezo na kuandika orodha: mizani, debe, taa ya chemni, magunia, baiskeli, kalenda ya ukutani. Mbele ya kila kitu aliandika kitapatikana kwa nani, kwa shilingi ngapi, na kirudishwe lini. Akachora duka lote juu ya karatasi. Kisha akagawa kazi: seremala hapa, mpaka rangi pale, fundi cherehani kule. Kila jioni alipiga picha ya kila pembe, ili kesho yake debe lililokuwa kushoto lisije likaonekana kulia. Yeye mwenyewe alishika brashi mara chache sana. Nikamfananisha na mkuu wa stesheni: haendeshi gari la moshi, lakini njia zikipangwa vibaya gari litaanguka, na lawama ni yake.

Tena nikaona jambo lingine. Mizani aliipata kwa mzee mmoja sokoni Karatina, taa kwa mama mmoja wa Naro Moru, baiskeli kwa katekista. Wote aliwapata kwa daftari lake dogo lenye majina. Nilimwuliza amelijaza kwa muda gani. Akasema, "Miaka saba. Na kila jina humo ni la mtu niliyemrudishia kitu chake siku ile niliyomwahidi." Ndugu zangu, huko ndiko kujuana kazini. Mimi nilidhani kujuana ni kuwanunulia wakubwa chai, maana tumezoea kusema mkono mtupu haulambwi. Kumbe ni kuaminika kwa wadogo kwanza.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, kwa kuwa nimeahidi kusema kweli.

Kazi ile haikuletwa kwangu kwanza. Ilipelekwa kwa mchoraji mwenzangu wa Karatina, mtu aliyenitangulia katika kazi na aliyeniazima brashi zake nilipokuwa sina. Alitaka shilingi 2,500 kwa siku. Nikasikia. Nikapiga simu usiku ule ule nikasema mimi nitaifanya kwa 1,200. Nikapewa. Nilijiona mwerevu kweli kweli.

Siku ya mwisho yule binti aliniita kando. Akaniambia, "Mzee, katika hesabu yangu nilikuwa nimeandika 2,500. Ulipotaka 1,200, zile zilizobaki hazikuja kwangu wala kwako. Zilirudi ofisini." Nikanyamaza. Kisha hata hizo 1,200 sikupewa siku hiyo. Nilizungushwa miezi minne. Na mwaka uliofuata, nikiwa safarini, nikaona herufi zangu, zile nilizozibuni kwa mkono wangu kwa ajili ya ukuta mmoja, zimechapwa juu ya mabango katika miji mingine. Nilipokwenda kuuliza, karani akaniambia kazi ile ni yao.

Nikaenda kwa mtu ajuaye sheria, nikitumaini atanitetea. Akanifungulia Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31. Mtu akikuagiza kazi, au ukiifanya ukiwa mwajiriwa wake, haki ya kazi hiyo huhesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa kama mmepatana vingine. Neno kubwa ni hilo: isipokuwa mmepatana. Mstari mmoja tu kwenye karatasi, "herufi hizi ni za ukuta huu peke yake," ungaliniokoa. Sikuandika, kwa sababu niliogopa kwamba nikiandika watamchukua mwingine wa bei rahisi. Na wa bei rahisi alikuwa ni mimi!

Yule mwenzangu wa Karatina hakunisalimu mwaka mzima. Jumapili moja baada ya ibada nikaenda nyumbani kwake. Akanipa kiti, akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hukuniibia kazi. Kazi huja na kwenda. Uliniibia bei. Sasa kila mtu anayepanda huku anaanza kuhesabu kutoka 1,200." Ilikuwa kweli. Sina la kujitetea. Hatujarudi kuwa kama zamani, lakini twafanya kazi pamoja, na kabla ya kutaja bei twapigiana simu.

Ndugu wanachama, msifikiri shida hii ni ya kwetu tu. Huko Hollywood, Marekani, wasimamizi wa sanaa walianza na klabu ya kujuana mwaka 1924. Walikula pamoja, wakaonyeshana michoro, wakafahamiana. Ni jambo jema. Lakini mwaka 1937 wakaunda chama chao, na mwaka 1960 chama hicho kikajiunga na chama kikubwa cha wafanya kazi wa michezo na sinema. Kujuana hukupatia kazi ya kesho. Kuungana hukulindia bei ya kazi hiyo. Yote mawili yatakiwa.

Na hapa Kenya, msisahau kwamba chama cha wafanya kazi na kazi ya herufi ni ndugu wa zamani. Makhan Singh, aliyeongoza Labour Trade Union of Kenya tangu mwaka 1935, alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha kuchapa cha baba yake Nairobi. Mtu wa wino! Serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka 1950, na hakuachiliwa mpaka 1961.

Nawapa mfano mwingine wa karibu. Nendeni Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall zamani, mwingie Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo. Mtaona picha tano kubwa za ukutani, tangu kuzaliwa kwa Yesu mpaka msalabani. Zilichorwa katika miaka ya 1950 na Elimo Njau, kijana wa Kichaga aliyesomea Makerere. Watu katika picha ni Waafrika, na nchi ni nchi ya milima kama hii yetu. Ili kufanya hivyo ilimpasa aangalie jinsi watu wa hapa wanavyosimama, wanavyovaa na wanavyobeba. Kutazama namna hiyo ndiyo nusu ya kazi ya msimamizi wa sanaa.

Lakini mimi nampenda kwa jambo la pili. Hakukaa peke yake. Mwaka 1965 yeye na wenzake walifungua Paa ya Paa Nairobi, mahali pa wachoraji kuonyesha kazi na kukutana. Mmoja wa wenzake alikuwa Hilary Ng'weno, mwandishi. Mwingine Terry Hirst, mchoraji na mwalimu kutoka Uingereza. Na hao wawili mwaka 1973 walianzisha gazeti la Joe, lililochekesha watu na kuwaambia kweli: mmoja hodari wa maneno, mmoja hodari wa picha. Mwaka 1997 moto uliteketeza Paa ya Paa na kazi nyingi zikapotea, lakini mahali pale pakafufuliwa. Nyumba ikiungua, watu wanaojuana hubaki.

Sasa nawapa vijana maneno machache ya kuchukua nyumbani.

Kwanza, wekeni daftari. Andikeni seremala wa Nanyuki, fundi wa vyuma wa Nyeri, mama wa mitumba wa Karatina, na mzee mwenye vitu vya zamani. Mwandike pia mliazima nini na mlirudisha lini.

Pili, pigeni picha za kazi zenu, pamoja na tarehe na majina ya waliosaidia. Usiseme "nilifanya" pale ambapo mlikuwa wanne. Wale watatu watasikia, na siku utakapowahitaji hawatakuja.

Tatu, andikeni mapatano kabla ya kufungua kopo la rangi: siku ngapi, bei gani, sehemu gani italipwa kwanza, na kazi itatumika wapi na kwa muda gani. Hata ujumbe wa simu ni afadhali kuliko neno la mdomo.

Nne, jueni sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9, yataka mapatano ya kazi ya miezi mitatu au zaidi yaandikwe. Kifungu cha 37 chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi hawezi kuendelea kuhesabiwa kibarua wa siku tu. Na Katiba ya 2010, ibara ya 41, yampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki na haki ya kujiunga na chama. Msibishane na matajiri kwa hasira; bishaneni kwa kifungu.

Tano, jifunzeni kompyuta. Najua mashine za kuchapa mabango zimetunyang'anya kazi nyingi za brashi. Duka lililokuwa likingoja rangi ikauke siku mbili sasa lapata bango kwa saa moja. Kulia hakutairudisha siku ile. Lakini mashine haijui kama A na V zimeachana mno. Jicho bado ni letu, na kompyuta ni brashi nyingine tu.

Bwana Mwenyekiti, namaliza. Mwezi wa Disemba 2020, gari la abiria liliporudi Nanyuki baada ya miaka mingi, niliona watu wamesimama kando ya njia wakipunga mikono. Nikafikiri: gari hili lapita miji yetu yote kwa njia moja, nasi wachoraji wa miji hiyo hiyo hatujuani hata bei.

Kwa hiyo natoa ombi. Tawi lifungue kitabu cha wachoraji na mafundi wa picha wa Nyeri na miji ya mlima, tupatane juu ya bei ya chini ambayo hakuna atakayeishusha, na Katibu atueleze njia ya kujiandikisha kufuatana na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Wenzetu wanaojitegemea wasio na mwajiri mmoja waweza kuanza na ushirika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kitabu kiko juu ya meza karibu na mlango. Jina la kwanza humo ni la yule mwenzangu wa Karatina. Mimi niliomba aandikwe yeye kwanza. Langu ni la pili. Karibuni mwandike yenu, na mbele ya jina kila mtu aandike bei yake ya kweli.