Chenji Yetu Isibaki kwa Makanga

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Webuye)

Nyinyi mliotoka Misikhu na Kamukuywa, leo tunaongea juu ya hiyo safari yenu yenyewe. Tunaongea juu ya nauli. Msicheke. Nauli karibu ivunje kikundi kimoja hapa kwetu.

Mweka hazina wa kikundi hicho alitumwa benki, Bungoma. Alipewa noti ya shilingi 500, ya kwenda na kurudi. Nauli siku hiyo ilikuwa 150. Makanga alipokea noti akasema, "Mathe, chenji nakuletea." Gari likafika, watu wakasukumana, naye mama amekumbatia vitabu vya kikundi na mawazo yake yako kwa pesa za watu. Akashuka. Alipokumbuka, gari lilikuwa limeshageuza. Shilingi 350 zikaenda hivyo, na nauli ya kurudi akakopa.

Siku ya mkutano alisoma hesabu: nauli 500, deni 150. Watu kimya. Halafu mmoja akauliza, "Risiti iko wapi?" Risiti ya matatu! Basi minong'ono ikaanza. Akina mama wanne wakaacha kuleta mchango wa merigoraundi, na mweka hazina akataka kuacha kazi. Kumbe ndiye peke yake pale anayeandika hesabu ikasomeka.

Tuliitwa kusuluhisha, tukakaa mpaka giza likaingia. Hata sisi tulikosea, kwa maana tulianza kumwuliza maswali kama askari. Aliyetuokoa ni mzee mmoja. Alisimama akasema kwamba yeye aliachia makanga shilingi 400 wiki iliyopita, na hata mkewe hakumwambia. Tukauliza, nani mwingine? Mikono ikainuka karibu yote.

Wengi husimulia kwamba hata jina matatu lilitoka kwa sarafu kamili. Miaka ya 1960 huko Nairobi nauli ilikuwa senti 30, yaani vipande vitatu vya senti kumi. Ulitoa vitatu vyako, mambo yakaisha. Siku hizi mtu anapanda saa kumi na mbili asubuhi na noti ya 1,000, na wa pili hivyo hivyo. Makanga atatoa wapi chenji? Naye ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni, ikipungua ni shida yake. Hatusemi wote ni malaika. Wako wanaongoja ushuke umesahau. Lakini wengine kweli hawana, ndiyo maana wanawapa abiria wawili noti moja, "Mgawane hapo." Sasa wewe unashuka Kiminini, mwenzako anaenda Kitale. Mtagawana nini?

Serikali ilijaribu kuondoa pesa taslimu ndani ya matatu. Mwaka 2014 iliagiza watu walipe kwa kadi kuanzia tarehe 1 Julai, kisha ikasogeza mbele hadi Desemba, na mwishowe jambo likafifia. Mafuta na vibarua wa steji hulipwa kila siku kutoka kwa hizo hizo pesa za mkononi.

Kwa hiyo tulikaa na kile kikundi tukapanga. Siku ya mkutano michango huja na sarafu nyingi, si ndiyo? Zamani walizibadilisha dukani wapate noti. Sasa wanaacha kiasi ndani ya mkebe wa nauli. Anayetumwa anahesabiwa nauli kamili mbele ya watu, ya kwenda bahasha yake na ya kurudi bahasha yake. Anauliza nauli kabla ya kupanda, kwa maana mvua ikinyesha au shule zikifunguliwa inapanda bila kuaga. Sarafu zinakaa mfuko wa kando. Tafadhali akina mama, usifungue ile leso yenye pesa za kikundi katikati ya abiria ukitafuta shilingi hamsini! Kuna macho humo.

Na simu je? M-Pesa iko nasi tangu 2007, na makanga wengi wanakubali. Unatuma kiasi kamili, hakuna chenji ya kudai, na ujumbe unaobaki kwenye simu ndiyo risiti iliyokuwa inatafutwa. Lakini patana naye kabla gari halijaondoka, isiwe mtandao umepotea njiani mkaanza kugombana. Wengine hawapendi makanga aone jina na namba yao, hasa wasichana, na tunawaelewa. Halafu kuna wazee wetu wasio na simu. Wao mkebe unawatosha.

Ukilazimika kutoa noti kubwa, sema kwa sauti, "Hii ni mia tano, nashuka Webuye," jirani asikie. Na udai chenji kabla ya kufika. Kudai chako si kukosa adabu.

Wale akina mama wanne walirudi, mmoja alichelewa kidogo. Deni la 150 kikundi kililipa. Zile 350 ziliandikwa kitabuni "zilipotea njiani", na wanachama wote wakatia sahihi, wasiojua kuandika wakaweka kidole. Mweka hazina bado ni yule yule. Jumatano anaenda Bungoma tena, na bahasha zake mbili ziko tayari.