Mtoto Asome, Kisha Atoe Taarifa

(Maneno yaliyosemwa na mwenezi wa chama mbele ya mkutano wa wanachama na wazazi)



Najua wengi wenu mmekuja mkitazamia kusikia habari za kadi, ada na uchaguzi wa tawi. Hayo yana zamu yake. Leo nimeombwa niseme juu ya watoto wetu wa darasa la tatu na la nne, na jinsi ya kuwafundisha kuandika taarifa ya kitabu walichokisoma. Kabla ya kushika kazi hii ya chama nalifunzwa ualimu chuoni, kwa hiyo nasema jambo ninalolijua.

Pengine mtu atauliza: Jambo dogo kama hili lakihusu nini chama? Nami nitamjibu. Kila mkutano wetu huandikiwa taarifa. Katibu akiandika yasiyosemwa, au akiyaacha yaliyosemwa, tawi zima hupotea njia. Je, katibu huyo alizaliwa akiwa mtu mzima? Hasha! Alikuwa mtoto, akafundishwa, au hakufundishwa, kuyapokea maneno ya mtu mwingine, kuyaelewa, na kuyatoa bila kuyapotosha. Tena Mwalimu Nyerere alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, kazi ya shule aliiacha, lakini jina la Mwalimu lilimfuata mpaka mwisho. Chama na shule katika nchi yetu ni ndugu wa tangu zamani.

KUNAKILI SI KUSOMA

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, niliyaona madaftari ya darasa moja, yapata arobaini. Watoto walikuwa wameambiwa waandike taarifa ya hadithi fupi. Madaftari yote yalikuwa na maneno yale yale: mistari ya mwanzo ya hadithi imehamishwa kama ilivyo, kwa mwandiko mzuri wa kupendeza, na kila daftari limetiwa alama ya vema. Nikamwambia mtoto mmoja afunge kitabu, kisha nikamwuliza hadithi ile ilimhusu nani. Akainamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa umefanya kazi, lakini akili haikuitwa kazini.

Simlaumu mtoto. Alifanya alichoagizwa, na tena akasifiwa. Lakini tumwonee huruma, maana mtoto anayesifiwa kwa kunakili atakuwa mtu mzima wa kutia sahihi karatasi ambayo hakuielewa. Wangapi kati yetu tumewaona wazee wakipoteza shamba kwa karatasi ya namna hiyo?

KWANZA MDOMO, KISHA KALAMU

Basi tufanyeje? Jambo la kwanza: mtoto asianze kwa kalamu. Aanze kwa mdomo. Watoto wetu wanajua kusimulia. Wamezisikia hadithi jikoni na barazani kabla ya kujua herufi moja. Kitabu kifungwe, mtoto asimame, awaambie wenzake alichosoma. Asiyeweza kusema jambo hawezi kuliandika.

Jambo la pili: aulizwe maswali machache, yale yale kila mara, hata ayazoee. Ni nani anayetajwa? Yuko wapi, anataka nini? Nini kilimzuia? Mwisho ulikuwaje? Nawe waonaje? Mwalimu ayaandike ubaoni. Kila jibu liwe sentensi moja. Mtoto akiisha kuyajibu yote, anayo taarifa ya kitabu, naye bado anadhani alikuwa akizungumza tu.

Nitoe mfano wa hadithi inayojulikana na kila mmoja hapa. Sungura aliona ndizi zimeiva mgombani. Akaruka, hakuzifikia. Akaruka tena na tena, mpaka akachoka. Mwisho akaenda zake akisema kwamba ndizi zile ni mbichi, hazitaki. Sasa mwulize mtoto: Kwa nini Sungura aliondoka? Watoto wengi watakujibu: Kwa sababu ndizi zilikuwa mbichi.

Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanza! Asimkemee. Amwambie, Rudi kitabuni, unionyeshe palipoandikwa kwamba ndizi ni mbichi. Mtoto atatafuta, naye ataona kwamba kitabu kilisema zimeiva; aliyesema mbichi ni Sungura. Uso wa mtoto hubadilika saa ile. Amejua kwamba kuna jambo lililotokea, na kuna maneno ya mtu juu ya jambo lile, na hayo mawili pengine hayapatani. Taarifa yake sasa itakuwa hivi: Sungura alizitaka ndizi mbivu. Mgomba ulikuwa mrefu. Aliruka, akashindwa. Alisema ni mbichi ili asionekane ameshindwa. Mimi naona angemwita mwenye ngazi.

Sentensi tano tu, ndugu zangu! Lakini mtoto aliyeziandika hatadanganyika kwa urahisi. Kesho akiwa mtu mzima, akisikia mkubwa fulani akisema mradi umeachwa kwa kuwa wananchi hawakuutaka, atauliza: Hilo ndilo lililotokea, au ni maneno ya Sungura?

Swali hilo hukua pamoja na mtoto. Akifika madarasa ya juu akasoma Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, hataishia kuandika kwamba Adili aliwapiga manyani kila usiku. Atataka kujua manyani wale ni nani, na kwa nini anayewapiga huona uchungu kuwapiga.

MTOTO ANA RUHUSA YA KUPIMA

Liko swali moja linalowatia wazazi mashaka, nalo ni lile la mwisho: Nawe waonaje? Mzee mmoja ataniambia, Mwanangu, utawafundisha watoto kuwahukumu wakubwa waliotunga vitabu? Nasema kwa heshima, Mzee wangu, adabu iko katika namna ya kusema. Mtoto akisema kitabu hiki hakikunipendeza, amwulize mwalimu, Kwa nini? Akileta sababu kutoka ndani ya kitabu, apewe haki yake. Na yule anayesema kitabu ni kizuri, naye aulizwe vivyo hivyo. Sifa isiyo na sababu haina uzito kuliko lawama isiyo na sababu.

VITABU NI VICHACHE

Najua mtasema vitabu ni haba na watoto ni wengi. Ni kweli. Lakini kazi hii haihitaji kila mtoto awe na kitabu chake. Mwalimu aweza kusoma kwa sauti kitabu kimoja mbele ya darasa zima. Watoto wakae makundi ya watano watano, kila mmoja ajibu swali moja, na taarifa iwe ya kundi. Wiki ijayo wabadilishane maswali.

Wala mzazi asiseme, Mimi sikusoma, nitasaidia nini? Mama, mwambie mwanao akusomee huku unachambua mchele, kisha umwulize maswali yale yale. Wewe usiyekijua kitabu ndiye msikilizaji bora, maana mtoto hawezi kukukatiza njia. Hana budi akueleze mpaka uelewe.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1967 theluthi mbili hivi ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma. Kwa juhudi za elimu ya watu wazima, kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba wamepungua hata kuwa chini ya 10 katika kila 100. Na mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kwa muda wa majuma kumi na mawili. Walisikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Babu na bibi zetu hawakusoma ili wapate alama ya vema. Walisoma, wakaulizana, wakatenda. Je, wajukuu wao wasome kwa kunakili?

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta maombi matatu. Kwanza, ofisi ya tawi itenge sanduku moja la vitabu vya hadithi, na kila mwenye kitabu kilicholala nyumbani akilete. Pili, kila Jumamosi alasiri mwanachama mmoja akae na watoto, awasikilize wakitoa taarifa. Asihubiri, asikilize. Tatu, katika kila mkutano mkuu wa tawi, kabla hatujasomewa taarifa ya katibu, asimame mtoto mmoja atusomee taarifa yake ya kitabu, nasi tumwulize maswali kama tunavyomwuliza katibu.

Nami sina shaka kwamba katibu mwenyewe, akiisha kumsikia mtoto huyo, ataiangalia tena taarifa yake kabla ya kuisoma.